Kathini Anarudisha Neno

Kathini alisema maneno yale akiwa amepiga magoti, ndiyo maana alidhani ni Mungu peke yake aliyesikia.

Ilikuwa Alhamisi, siku ya maombi ya akina mama, na zamu ilikuwa ya nyumba ya Ndunge. Wanawake walichelewa. Walikuja mmoja mmoja wameinama, kila mmoja akatua mtungi wa maji mlangoni na kusugua paji la uso pale ukanda wa kubebea ulipomkata. Zamani, yaani mwaka jana tu, maji ya Ngiluni yalikuja na punda. Punda alibeba mitungi minne, mwanamke akatembea nyuma akiongea na dada yake kwa simu. Sasa punda hawako. Wameenda mmoja baada ya mwingine, usiku, na kinachopatikana asubuhi ni kamba iliyokatwa na alama za tairi la lori. Ngozi zinasafirishwa ng'ambo, wanasema, na nyama inaliwa na watu wasiojua wanakula nini. Na lile bomba la maji tulilochimbiwa mtaro kutoka Kabati? Mtaro uko. Bomba halijafika. Watoto wanacheza ndani yake.

Kila mtu mle ndani alijua ni nani anayekata zile kamba. Ni Mulinge, mtoto wa Kathini. Polisi walimkamata mwezi uliopita, akalala ndani siku mbili, akatoka na simu yake ikiwa imejaa chaji. Hakuna ushahidi, walisema. Kweli, punda hawezi kuitwa shahidi.

Chai ilipozunguka ilimfikia Kathini mwisho, nusu kikombe, maziwa yameisha. Alisema asante kama aliyepewa kikombe kizima. Hakuna aliyemtukana. Hilo ndilo lilikuwa linamuumiza: hakuna aliyemtukana tangu punda wa Ndunge achukuliwe. Walimsalimia tu, "Wakya," naye akaitika, na mazungumzo yakaishia hapo.

Zamu yake ya kuomba ilipofika aliombea wagonjwa. Akaombea mvua. Akaombea viongozi, ingawa hapo sauti ilishuka kidogo. Halafu akanyamaza muda mrefu, mpaka wengine wakafungua jicho moja.

"Bwana," akasema, "wewe unamjua niliyemzaa. Nimemwombea mpaka magoti yameota sugu. Ukiweza kumgeuza, mgeuze. Na kama umeshindwa, basi mchukue. Mchukue, Bwana, watu hawa wapumzike. Mimi nimechoka."

Halafu wale wanawake, kama kawaida sala inapokwisha, wakasema Amina.

Kathini akaenda nyumbani akiwa mwepesi, kama mtu aliyetapika.

Jumamosi asubuhi wanaume watatu waliingia uani kwake. Wa mbele alikuwa Nzioka, ndugu mdogo wa marehemu mumewe, ameshika pakiti ya sukari na leso mpya iliyokunjwa. Nyuma yake Jonah, mzee wa kanisa, mtu wa suti hata wakati wa jua. Wa mwisho alikuwa Mbaluka, mwenye shamba la ng'ambo ya mto, ambaye tangu amzike mke wake Mumbua haongei na mtu isipokuwa amekosewa.

Kathini aliwatolea viti, akaenda jikoni kuweka chai.

"Wacha chai, shemeji," Nzioka alisema. "Leo hatunywi kitu hapa."

Akasimama pale mlangoni na sufuria mkononi. Mtu kukataa chai nyumbani kwako, asubuhi, na anaonekana hana haraka, si jambo la kawaida.

"Kuna mgonjwa?" akauliza.

"Hakuna. Tumekuja kukushukuru." Nzioka aliweka sukari na leso juu ya meza, taratibu. "Si rahisi. Hata mimi mwanamume, ningekuwa na mtoto kama huyo, sijui kama ningeweza kusema."

"Kusema nini?"

Wakatazamana. Jonah akakohoa.

"Mama Mulinge," akasema, "Alhamisi uliomba. Neno lilitoka mdomoni mwako mwenyewe, mbele ya mashahidi. Akina mama wakaitikia Amina."

"Niliomba, ndiyo. Na si ni maombi?"

"Ni maombi," Jonah akakubali. "Lakini ni neno."

Ndipo akaanza kuelewa. Alipokuwa msichana, nyanya yake alimsimulia jinsi mwizi aliyeshindikana alivyomalizwa zamani. Wazee waliliita jambo hilo king'ole. Kijiji hakikumgusa mtu hivi hivi, hata kama kila mtu amechoka naye. Walikwenda kwanza kwa watu wa nyumba yake, wakauliza, na damu yake yenyewe ilipaswa kusema: mtoeni. Ikishasema, hakuna atakayedai, hakuna atakayelipiza, hakuna atakayelia kwa sauti. Nyanya alisimulia kama jambo lililokwisha na wakoloni. Kumbe lilikuwa limelala tu, likingoja serikali isinzie.

"Nzioka," akasema, "wewe ni baba yake mdogo. Ulimbeba huyo mtoto mgongoni."

"Nilimbeba." Nzioka aliangalia viatu vyake. "Walinijia mimi kwanza. Nikasema mimi sina neno, neno ni la mama. Ukiwa hujasema, sisemi. Sasa umesema."

"Nilikuwa namwambia Mungu!"

"Na Mungu ana mikono gani hapa Ngiluni?" Ilikuwa mara ya kwanza Mbaluka kufungua mdomo. "Polisi tumeenda. Chifu tumeenda. Huyo mheshimiwa wa bomba tumempigia simu mpaka akazuia namba zetu. Mikono iliyobaki ni hii."

"Basi ninalirudisha. Lile neno ninalirudisha, hapa hapa."

"Hapa ni sisi watatu," Jonah akasema, akisimama na kukung'uta suti. "Neno si mbuzi, eti limeingia shamba la jirani unaenda kulivuta na kamba. Limeshafika."

Nzioka alikuwa wa mwisho kutoka. Akageuka.

"Kesho jioni atakuja kukuletea unga kama kawaida yake," akasema, na macho yake yalikuwa mekundu. "Ukisikia kelele huko barabarani, shemeji, kaa ndani. Jifunge hiyo leso, ukae ndani."

Chini ya kitanda cha Kathini kulikuwa na pakiti za unga ambazo Mulinge alikuwa akileta kila Jumapili. Hakuweza kuzipika, maana alijua zimetoka wapi. Hakuweza kuzitupa, maana ni mtoto aliyemkumbuka mamake. Wadudu walikuwa wameshaingia.

Aliacha leso pale pale mezani, akafunga mlango, akashika njia ya kwa chifu.

Chifu hakuwepo. Alikuwa mjini Wote, kwenye semina ya amani. Karani wake alikuwepo, akila ndizi.

"Wamesema watamuua?" karani akauliza. "Wametumia hilo neno, kuua?"

"Hawakulitumia."

"Waliongea kuhusu nini?"

"Walinishukuru. Wakaniletea sukari."

Karani akaacha kutafuna. "Mama, sasa mimi niandike nini? Umeletewa sukari?"

Akaenda kituo cha polisi. Askari kwenye kaunta alimsikiliza mpaka mwisho, na hilo lilimpa Kathini matumaini, maana si kawaida yao. Halafu askari akaegemea ukuta na kutabasamu.

"Si wewe ndiye uliyesema achukuliwe? Hiyo hadithi imefika hapa jana." Akafuta kaunta kwa kiganja. "Mama, kama kuna kitu kitatokea, piga simu. Lakini gari halina mafuta, nakwambia mapema usije ukatulaumu."

Hivyo ndivyo wanavyotulinda. Punda akiibwa, lete ushahidi. Mtu akitaka kuuawa, mngoje auawe, halafu ulete ushahidi. Kathini alitoka nje, akasimama juani, akagundua kwamba hana hasira hata kidogo. Hasira ni ya mtu aliyetegemea kitu.

Akavaa viatu vizuri, akaenda Kabati kwa miguu.

Mulinge alikuwa amepanga chumba nyuma ya duka la simiti. Kulikuwa na godoro jipya, redio kubwa, na viatu vyeupe vimewekwa juu ya dirisha visiguswe na vumbi. Alikuwa na miaka ishirini na mbili. Alipomaliza kidato cha nne alikimbia kwenye uandikishaji wa askari na kuwaacha wenzake nyuma kabisa, akarudishwa kwa sababu ya jino moja lililovunjika. Aliyechukuliwa kutoka lokesheni yao alikuwa na meno yote, na mjomba mkubwa.

"Mathe!" akaruka kutoka kitandani. "Umekuja na nini?"

"Na miguu."

"Si ungenipigia nikutumie pikipiki? Kaa. Kaa hapa. Nikuitishie soda?"

Akakaa kwenye godoro, akamwambia yote. Alimwambia kama anavyoeleza bei ya mahindi, bila kulia, kwa sababu alijua akianza kulia kijana atamfariji na mambo yataishia hapo.

Mulinge alicheka. Halafu akacheka tena, kidogo zaidi. Halafu akaenda dirishani akavipanga vile viatu upya.

"Hao wazee ni mdomo tu," akasema.

"Nzioka alikuwa analia."

Hapo mkono wake ukasimama juu ya kiatu.

"Basi nitahepa. Yule mtu wa lori yuko Malili, ameniambia kuna kazi. Naingia leo leo. Wasinione tena, waridhike."

"Utafanya kazi gani Malili?"

Mulinge akapuliza vumbi kwenye kiatu.

"Utakata kamba za watu wa huko," mamake akasema. "Na huko wakikushika hakuna atakayekuja kuniuliza mimi. Hawatajua hata una mama. Hapa angalau waliniletea sukari."

Kijana alitaka kucheka, uso ukakataa. Akachuchumaa mbele yake kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo akitaka kutolewa mwiba.

"Mwaitu," akasema. Alikuwa hajamwita mama kwa lugha ya nyumbani kwa miaka. "Ulisema kweli? Uliomba nichukuliwe?"

Kathini angeweza kusema hapana. Wamenisingizia, wewe unajua midomo ya watu. Neno hilo lilikuwa tayari kabisa kwenye ulimi wake.

"Nilisema."

"Mbona?"

"Siku ile nilimkuta Ndunge anapanda kutoka mtoni. Ana mtungi mgongoni na mtoto kifuani. Akateleza. Badala ya kujishika, akamshika mtoto, akaangukia goti. Mimi nikakimbia kumwinua. Akaniambia, niache. Si kwa ubaya. Aliniambia tu, Kathini, niache niinuke mwenyewe. Nikarudi nyumbani nikijua kwamba yule mwanamke ameangushwa na mkono niliouosha mimi."

Kijana alikuwa ameinamisha kichwa. Nje mtu alikuwa akipakia simiti, akihesabu kwa sauti.

"Kwa hivyo unataka wanichukue."

"Nikitaka hivyo ningekuwa nimekaa ndani nimejifunga leso. Nimekuja kukuchukua mimi. Kesho tunaenda kanisani. Neno nililitoa mbele ya watu, na ni mbele ya watu nitalirudisha, na sharti uwe umesimama hapo ukiwa mzima. Siwezi kumrudishia uhai mtu aliyeko Malili."

"Watanimaliza hapo hapo mlangoni."

"Nitatembea mbele."

"Mathe, wewe ni mdogo hivi." Akaonyesha kwa mkono.

"Wewe ulipita hapa hapa," akasema Kathini, akijigusa tumbo, "na ulikuwa na kichwa kikubwa. Lala. Kesho tunaamka mapema."

Hakuna aliyelala. Lakini alfajiri, kijana alipotafuta viatu vyake vyeupe, mamake alitikisa kichwa, naye akavaa patipati za mpira.

Waliingia kanisani wimbo wa kwanza ukiwa katikati. Wimbo haukukatika, ulinywea tu, sauti moja moja ikiacha, mpaka akabaki mpiga ngoma ambaye alikuwa amefumba macho. Kathini alimpitisha mwanawe hadi benchi la mbele. Wakakaa. Nyuma yao simu zikaanza kuwaka, na kabla ya ushuhuda kuitwa wanaume wasiojulikana kwa kupenda ibada walikuwa wamejaa mlangoni. Wengine walikuwa na fimbo za kuchungia, ingawa hawakuja na mifugo.

Jonah ndiye aliyekuwa akiongoza. Alitazama benchi la mbele, akatazama mlango, akaangalia karatasi yake ya matangazo kama itamsaidia.

"Kama hakuna mwenye ushuhuda," akasema haraka, "tutaendelea na—"

"Niko nao," akasema Kathini.

Hakwenda mbele. Alisimama pale pale, akawageukia watu, akampa Jonah mgongo.

"Alhamisi niliomba nyumbani kwa Ndunge. Nikamwambia Mungu amchukue mtoto wangu. Sikusema uongo, nilikuwa nimechoka. Leo bado nimechoka. Lakini nasikia maneno yangu yamechukuliwa na watu wengine, yamewekwa fimbo mkononi. Mimi sikuwapa nyinyi. Kwa hivyo mbele yenu nyote, neno lile ninalirudisha. Mimi ndiye wa nyumba yake, na nasema hapana. Nimekataa. Atakayemgusa anamgusa mtoto wa watu, na mimi nitadai, na nitalia kwa sauti."

Mnong'ono ukapita. Jonah akainua mkono.

"Mama Mulinge, tunakuhurumia. Lakini maombi yalikwisha. Yalitiwa Amina. Amina ni muhuri. Hairudishwi."

Hapo Ndunge akasimama. Goti lake lilikuwa bado limefungwa kitambaa.

"Mimi nilisema Amina," akasema. "Ilikuwa kwangu, nilisema kwa sauti kuliko wote. Naitoa."

"Dada Ndunge, Amina haitolewi—"

"Mzee Jonah." Ndunge aliweka mkono kiunoni, na watu wakajua sasa mambo yamekuwa mambo. "Mheshimiwa alisimama hapo hapo ulipo, akasema maji yatafika kabla ya Krismasi. Nani alisema Amina? Wewe. Ulisema mara tatu, ukarusha na mkono. Yako wapi? Kama Amina ni muhuri, tuonyeshe bomba."

Kicheko kilipasuka nyuma, kikakatwa, kikapasuka tena. Hata kati ya wale wa mlangoni, mmoja alificha mdomo. Halafu mwanamke mwingine akasimama, akasema naitoa yangu. Na mwingine. Mmoja mzee kabisa, ambaye hakuwepo Alhamisi, naye akasimama akasema anaitoa, watu wakamwambia wewe hukuwa nayo, akajibu basi niwekeeni ya kesho.

Lakini Mbaluka hakuwa amecheka. Alisukuma watu mlangoni akaingia, kofia kichwani, akatembea mpaka kwenye benchi la mbele. Kicheko kikafa.

"Simama," akamwambia Mulinge.

Kijana akasimama. Kathini akainuka naye, bega kwa bega.

"Punda yangu ndiye alimbeba Mumbua," Mbaluka akasema. Hakupaza sauti. "Zahanati yetu ilikuwa imefungwa, muuguzi amehamishwa, ufunguo haujulikani uko wapi. Gari hakuna. Nikamlaza mke wangu kwenye mkokoteni na huyo punda akamvuta mpaka Kabati. Mumbua alikufia njiani, lakini punda hakusimama hata mara moja. Sina picha ya mke wangu. Nilikuwa na huyo punda. Sasa nataka kukuuliza kitu kimoja, na ukinidanganya nitajua. Wakati ulimchukua, alifanya nini?"

Mulinge alimtazama mamake, kisha mzee.

"Alikubali mpaka mtoni," akasema hatimaye. "Hapo akakataa. Lori lilikuwa ng'ambo. Akachimbia miguu mchangani, akageuza kichwa."

"Akageuza wapi?"

"Nyumbani kwako, mzee. Nilimvuta. Nilimpiga. Akaendelea kuangalia huko."

Mbaluka alisimama pale. Kisha akaketi kwenye benchi, akavua kofia, akaiweka usoni, na mabega yake yakaanza kutikisika. Watu wa Ngiluni walikuwa wamemwona akimzika mkewe jicho kavu. Hakuna aliyejua afanye nini. Nzioka, pale mlangoni, akaweka fimbo yake chini, polepole isilie, lakini ililia.

"Mimi sina punda wa kumlipa mtu," Kathini akasema katika kimya kile. "Pesa sina. Nina huyu. Ana mgongo, na mto anaujua, mnajua anaujua. Nyumba zote alizokata kamba, awachotee maji. Kila asubuhi. Mpaka mseme basi. Na mtu wa lori atamtaja hapa hapa, jina na namba ya gari."

"Nitataja," Mulinge akasema. Akataja, papo hapo, na sauti ikamtetemeka, maana watu wa lori nao wana fimbo zao.

Mbaluka akatoa kofia usoni. Macho yalikuwa yamevimba.

"Saa kumi na moja," akasema. "Kwangu kwanza. Na ukichelewa hata dakika moja, sitamuuliza mama yako."

"Amina," akasema yule mwanamke mzee. Safari hii Jonah alinyamaza.

Ile namba ya lori ilipelekwa kituoni, na mpaka leo faili linatafutwa. Lakini vijana wa Ngiluni walijaza mawe pale lori lilipokuwa likivukia mto, wakawa wanalala hapo kwa zamu, na kweli lilikuja mara moja, likamulika yale mawe, likarudi nyuma. Halijaonekana tena. Tusimshukuru mtu asiyehusika.

Mulinge alirudi kuishi kwa mamake, akaanza vibaya. Siku ya kwanza alibeba mtungi begani kama mwanamume, ukamwagikia shingoni, akafika kwa Mbaluka na nusu. Ndunge akavua ukanda wake mwenyewe akamvisha kichwani mbele ya watoto wote wa shule. "Vaa kama sisi," akasema. "Aibu haina uzito. Maji ndiyo yana uzito." Watoto walimfuata wakilia kama punda, wiki nzima. Alirudi nyumbani jioni na paji la uso limechubuka, akalala na viatu. Usiku mwingine Kathini alimsikia akitukana peke yake gizani, akafikiri, kesho hataenda. Mara mbili alimwona amesimama kwenye barabara ya Kabati, mfuko mkononi, akiangalia upande ule. Hakumwita. Alisimama tu pale anapoweza kuonekana. Na mara zote mbili kijana aligeuka.

Kwa Mbaluka hakukuwa na maneno. Mzee alinyoosha kidole kwenye pipa, kijana akamwaga, akaenda. Mpaka siku moja Mulinge alirudi akasema, kama jambo la kawaida, kwamba Mbaluka amemuuliza kama anajua kukamua mbuzi.

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia sijui. Akasema watu wa siku hizi hamjui kitu chochote. Amenionyesha."

Mvua za Novemba zilipokaribia, Kathini alikuwa amekaa nyuma ya nyumba akipepeta mbaazi, asubuhi, jua halijawa kali. Kutoka kwa Ndunge kukatokea sauti iliyowaamsha kuku.

"Mulinge! Wewe Mulinge! Haya maji umechota wapi? Yana mchanga nusu! Unafikiri watoto wangu ni kuku, wanataka mchanga tumboni?"

"Mama, ule mto wenyewe ni mchanga, nifanye nini?"

"Ufanye nini? Uchimbe chini! Ungoje yatulie! Una haraka ya kwenda wapi, umeoa? Mwangalie kwanza na hiyo shati. Nani alikufulia hiyo shati? Rudi mtoni! Na ukirudi usinijibu tena!"

"Sijajibu—"

"Ndiyo hiyo unajibu!"

Mkono wa Kathini ulikuwa umesimama juu ya ungo. Hakuna mtu katika Ngiluni aliyemgombeza Mulinge kwa zaidi ya mwaka. Walikuwa wakimkwepa, wakimsema, wakimpangia, lakini kumgombeza, kwa ile sauti ya mdomo mrefu ambayo Ndunge huwatolea watoto aliowazaa mwenyewe na anaotarajia kuwaona kesho, hapana. Hugombezi mtu unayepanga kumzika.

Akaangua kicheko pale alipokaa, peke yake, ungo ukainama na mbaazi zikamwagika mapajani, akaziacha. Akafuta macho kwa mkono wa gauni, akainuka, akapanda kwenye jiwe la kufulia ili sauti ivuke ua.

"Ndunge!" akapiga kelele. "Usimwachie! Mrudishe mara mbili!"